Kungoja Jeli

Ujerumani, 11 Februari 2001

Mjomba Severin,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku ni ya kuuma masikio, nimeanza kuvaa soksi mbilimbili kama babu alivyokuwa akifanya mwezi wa saba. Natumaini huko Mgeta nyote hamjambo, na kabichi zimepata mvua ya kutosha.

Katika barua yako umeniuliza, na nimesikia hasira kidogo humo: "Mwaka wa pili sasa unasoma kemia. Unatengeneza nini? Watu wananiuliza, nakosa la kuwajibu." Una haki. Nikujibu.

Ninatengeneza jeli. Fikiria ute wa yai. Ukiwa mbichi unateleza, ukipata moto unaganda. Jeli yetu iko hivyohivyo, ila haihitaji moto wa jiko. Joto la mwili linaitosha. Tunaipika kutokana na maganda ya kamba na kaa wa baharini. Ikiwa baridi ni majimaji, inapita kwenye sindano bila shida. Ikiingia ndani ya uvimbe wa saratani inaganda palepale, haitembei kwenda kwingine. Humo ndani tumechanganya vumbi la chuma, laini kuliko unga. Kisha mgonjwa analazwa kwenye mashine ya sumaku inayobadilika upesi sana, lile vumbi linapata moto, na uvimbe unaungua kwa ndani. Hakuna kisu, hakuna kovu. Kazi ikiisha mwili wenyewe unaila ile jeli, wiki kwa wiki, mpaka inakwisha.

Siku nilipoona uvimbe wa kwanza umesinyaa, Mjomba, nilikaa chini kwenye sakafu ya maabara. Tunaua saratani bila kukata! Na mkono unaochanganya ile jeli kila asubuhi ni huu uliokuwa ukipalilia maharage huko. Wakikuuliza tena, wasomee barua hii.

Msalimie mama.

Mpwa wako,
Juliana


Mgeta, 25 Machi 2001

Mpwa wangu Juliana,

Marahaba, na salamu nyingi katika Kristo. Sisi tunaendelea. Mvua zipo, barabara ya kushuka Mlali imekuwa tope tupu, na simu ya parokia imekatika, nguzo mbili zimeanguka. Barua yako ililetwa na Athanas kwenye lori lake la mboga.

Jumapili baada ya misa niliisoma nje ya kanisa. Hakuna aliyeondoka. Bonifasi, unamjua mdomo wake, akasema, "Maganda ya kaa! Sisi wa milimani kaa hatumjui hata sura, leo ndiye atuponye?" Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi, wakasema, "Katekista, rudia pale pa sumaku." Nikarudia. Mzee Stefano alivua kofia.

Sasa nikuambie kwa nini barua hiyo ilinigusa kuliko wote. Mama yako ana uvimbe, titi la kushoto. Aliuona wakati wa Noeli akanyamaza, akaniambia Januari. Tulishuka hospitali ya misheni, wakachukua kipande kupeleka kupimwa. Majibu yametoka mwezi huu: ni saratani. Daktari amesema titi likatwe upesi, halafu aende Dar es Salaam kwa mionzi. Akanipa karatasi ya kukubali upasuaji niweke sahihi, kwa kuwa mimi ndiye kaka yake. Hatukukuandikia mapema kwa sababu hatukutaka kukuvurugia masomo.

Karatasi ikiwa bado mfukoni, ndipo ikafika barua yako. Wewe hukujua, lakini Mungu alijua. Tumekaa wanaukoo na tumeamua: mama yako hakatwi. Bibi yako alikatwa mguu mjini, akarudi ndani ya sanduku, mimi ndiye niliyempokea. Kwa nini nimpe mgeni amkate dada yangu, na mtoto wa tumbo lake anayo dawa isiyo na kisu? Tunangoja jeli. Itume kwa mtu yeyote anayekuja, au kupitia kwa masista. Ile mashine ya sumaku tutaiulizia.

Mama yako amefurahi sana. Analima kama kawaida.

Mjomba wako,
Severin


Ujerumani, 14 Aprili 2001

Mjomba,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, na bado siamini.

Hakuna jeli ya kutuma. Haijawahi kuingia kwenye mwili wa mtu. Tunawadunga panya, Mjomba, panya weupe wa maabara wanaopandikizwa saratani kwa makusudi. Hata ningeitia kwenye chupa leo, ingefika imeharibika. Na ile mashine, tundu lake ni la kuingiza panya. Mkono wangu ukipita kiganja unakwama. Mtamwingiza mama humo?

Mnasema mliogopa kunivurugia masomo. Ninasoma saratani! Kutwa nzima nimeinama kwenye hadubini nikitazama saratani ya panya, nikiandika imekua kiasi gani, na ya mama yangu mwenyewe inafichwa tangu Noeli kama aibu ya nyumbani. Nani aliwapa ruhusa ya kunificha? Na wanaukoo waliokaa kuamua, ni nani kati yao aliyewahi kuuona uvimbe wa saratani unavyotembea? Hausubiri mavuno. Leo uko kwenye titi, kesho umeshika njia.

Daktari wa misheni amesema kweli. Weka sahihi kwenye ile karatasi. Iweke siku utakayopata barua hii, usilale nayo. Simu ya parokia nimeipiga mara sita, hailii. Ufadhili wangu haunipi tiketi ya kurudi kabla ya mwakani, na nimeomba, na wamekataa. Mkono wangu huko ni wewe tu.

Msalimie mama. Mwambie akatwe.

Juliana


Mgeta, 20 Mei 2001

Mpwa wangu,

Barua yako haina salamu. Hata mgambo anayekuja kumkamata mtu hubisha hodi kwanza. Je, huko mmeacha?

Nimeitafakari kwa muda kabla ya kujibu, maana nilikuwa na hasira. Barua ya Februari ninayo hapa mezani. Umeandika, "mgonjwa analazwa kwenye mashine." Panya analazwa? Panya anaitwa mgonjwa? Umeandika, "tunaua saratani bila kukata." Nimesoma maneno hayo mbele ya watu wa Mungu, mara mbili. Sasa nimwamini nani, Juliana wa Februari au Juliana wa Aprili? Na kama panya anapona, mama yako ni duni kuliko panya?

Nadhani najua kilichotokea. Wenye maabara wamekukataza. Usinifiche, mimi siyo mtoto. Nilifanya kazi kiwandani miaka kumi na tisa. Wakaja mabwana wenye mikoba, wakasema sasa ni ubinafsishaji, mitambo hii ni chakavu, haifai tena, nendeni nyumbani. Tukaenda. Wiki chache baadaye nikapita pale mjini na kikapu changu, nikaona mitambo ileile inapakiwa kwenye malori, mizima, imepakwa grisi, inakwenda kumfanyia mtu mwingine kazi. Niliitunza ile mitambo kama watoto wangu, Juliana. Tangu siku hiyo mtu akiniambia kitu bado hakifai, namuuliza: hakifai kwa nani?

Uvimbe umekua kidogo, lakini hauumi. Barua yako ya Aprili sikuisoma kanisani, wala sikumwonyesha mama yako, ingemvunja moyo. Nimemwambia jeli inakuja baada ya mavuno. Ongea na hao wakubwa wako. Waambie ni mama yako.

Mjomba wako,
Severin


Ujerumani, 9 Juni 2001

Mjomba Severin,

Shikamoo. Hujambo? Mkaza mjomba hajambo? Miguu yako inaendeleaje na huo mlima? Salamu yako umeipata. Sasa nisikilize.

Juliana wa Februari ndiye mwongo. Sikukusudia, lakini hilo halimsaidii mama. Nilikuwa na panya kumi na wawili. Watano, uvimbe ulikufa. Wanne, jeli ilivuja kabla haijaganda, ikaunguza nyama nzima iliyokuwa haina kosa. Watatu walikufa na mpaka leo hatujui kwa nini. Mimi nilikuandikia habari za wale watano. Nikaandika "mgonjwa" kwa sababu neno hilo lilinipendeza, lilinifanya nionekane daktari mbele yako na mbele ya watu wa parokia. Nimelirudia neno hilo kichwani miezi miwili sasa, nikiosha vyombo vya maabara, nikitembea, nikila. Nililiandika kwa raha. Hilo ndilo linalonichoma.

Kuhusu kiwanda, hasira yako ni ya haki, na usifikiri nimeipuuza. Nimemuuliza profesa wangu mbele ya wenzangu wote: jeli hii ikifanikiwa, itafika kijijini kwetu lini? Akatabasamu. Akasema hilo ni swali la kampuni. Kumbe kampuni ipo! Imeshanunua haki ya kuitengeneza dawa ambayo bado inaua panya. Niliondoka nikaenda kusimama nje, mvua inaninyeshea, kwa sababu niliona malori yako. Siku jeli itakapofaa, watatuambia haitufai, na siku hiyo mimi na wewe tutapigana nao tukiwa upande mmoja. Lakini siku hiyo haijafika. Leo haimfai tajiri wala maskini. Hakuna anayetunyima kitu. Kinachofaa leo ni kisu cha misheni, na anayekinyima ni wewe.

Kwa hiyo nasema jambo ambalo mpwa hapaswi kumwambia mjomba wake. Katika ukoo wetu wewe ndiye msemaji, lakini ukoo haupiti kwako. Wanao ni wa ukoo wa mama yao. Ukoo unapita kwa mama yangu, na baada yake unapita kwangu, mimi peke yangu, hakuna binti mwingine. Mama akifa akingoja jeli, mimi sirudi. Sitashika shamba la bibi, sitazaa mtoto wa kulishika. Mtakaa tena wanaukoo, muamue nani alirithi, na mtakuta hamna mtu.

Isome barua hii nje ya kanisa. Palepale, kwa sauti ileile, mara mbili.

Msalimie mama.

Mpwa wako,
Juliana


Ujerumani, 18 Agosti 2001

Mjomba,

Shikamoo. Ni wiki ya kumi sasa hujanijibu. Kama nimekukosea adabu, nikirudi nitapiga magoti, utanitoza mbuzi, utaita wazee. Hayo yote yanaweza kusubiri.

Hapa kila Jumatatu tunawatoa panya mmoja mmoja na kuupima uvimbe wao kwa kipimo cha chuma, urefu na upana, tunaandika daftarini. Panya, Mjomba. Jumatatu iliyopita nilimshika mmoja mkononi, nikasikia moyo wake unavyokimbia, na kipimo kikaniponyoka. Panya huyu anapimwa kila wiki. Wa mama yangu nani anaupima?

Niandikie neno moja. Kama amekufa, andika amekufa.

Juliana


Mgeta, 23 Septemba 2001

Mwanangu Juliana,

Natumaini u mzima na unakula chakula cha maana, siyo mikate tu. Mimi nipo. Mwandiko utauvumilia, kalamu sijaishika sana tangu niachane na masista darasa la nne.

Barua yako ya Agosti ililetwa na Athanas. Mjomba wako alikuwa msibani Mlali, basi Athanas akasimamisha lori barabarani akaniita, "Mama Juliana, bahasha ya Ulaya hii, utampa katekista?" Nikasema nitampa. Imeandikwa Severin juu yake. Nikaifungua hapohapo katikati ya kabichi.

Ulipouliza nani anaupima, nilijibu kwa sauti, kama kichaa. Mimi. Naupima kila ninapooga. Noeli ulikuwa kama punje ya hindi. Ilipofika barua yako ya kaa ulikuwa kama limau changa, lile dogo tunaloliacha mtini. Siku hiyo ya Agosti ulikuwa limau kamili.

Nikamngoja mjomba wako. Alipoingia tu nikamwambia, "Kaka, lete nyingine." Akasema, "Nyingine zipi?" Nikamwambia, "Hizo zinazokufanya unitazame kama maiti." Akakaa. Halafu akaenda kanisani, akazitoa ndani ya kitabu cha ubatizo. Ile ya Juni aliificha kwa aibu, amekiri. Hakuweza kuisoma mbele ya watu, na hakuweza kuichoma. Nimezisoma zote mlangoni, yeye amekaa kwenye kinu ameinama.

Kesho yake nilipanda lori la Athanas, juu ya kabichi. Sikumuaga mtu. Hospitalini nesi akauliza, "Mama, kaka wa kuweka sahihi yuko wapi?" Nikamwambia titi hili kaka yangu hajawahi kulinyonya, leta karatasi. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Nikaweka sahihi yangu, Regina, herufi zote.

Walinikata tarehe tano mwezi huu. Kidonda kinafunga. Mkono wa kushoto umevimba, hauinui ndoo. Daktari amesema uvimbe ulikuwa umeshafika kwapani, akasema, "Mama, ungekuja Machi," halafu akaanza kutafuta kalamu aliyokuwa ameishika. Mwezi wa kumi naenda Dar es Salaam kwa mionzi.

Mjomba wako analia kila akija kunitazama. Nimemwambia aache, ananichosha. Na wewe usimtishe kwa shamba. Shamba ni langu, sijafa bado, mnaligawa kwa ruhusa ya nani?

Lakini na wewe nina neno lako, na nimeliweka mwisho ili ulisome vizuri.

Barua zako zina uchungu. Nimeusikia wote. Ila hakuna hata moja iliyoandikwa kwangu. Tangu Machi mmebishana juu ya titi langu, yeye anasema dada yangu, wewe unasema mama yangu, na mimi nipo hapo, hatua thelathini kutoka mezani kwake, nalima. Macho ninayo. Kusoma najua, nani alikuchorea irabu kwenye majivu ya jiko kabla hujaijua shule? Miaka miwili uko huko, na mimi napata "msalimie mama". Umemlaumu kaka kwa sababu ananisemea. Wewe uliyesoma, ulimtuma nani aseme na mimi? Yeye huyohuyo.

Ungeniandikia mistari miwili: Mama, hakuna jeli, nenda ukakatwe. Ningeshuka siku hiyohiyo kwa miguu. Unadhani niliingoja kwa sababu kaka aliniamuru? Severin nimembeba mgongoni, namjua. Niliingoja kwa sababu nilidhani ni wewe umeniambia ningoje.

Sikulaani. Nataka kujibiwa. Kuanzia sasa weka jina langu juu ya bahasha, Athanas atanipa mkononi, nimekwisha kumwambia. Usinipambie chochote. Nijibu hili kabla sijaenda Dar: huo uvimbe ukishafika kwapani, maana yake nini? Huku kila ninayemuuliza anatazama pembeni. Wewe unajua.

Mama yako,
Regina